Kicheko Mbele ya Shahidi

Kidole cha pete kilikataa. Osmunda Ngonyani alikiamuru kishuke kwenye kitufe cha kinanda, nacho kikabaki juu, kimekunjwa nusu, kama mtoto aliyenuna. Wimbo ukachechemea. Waimbaji wa besi wakageuza shingo kuelekea roshani ya kinanda, na mmoja wao akathubutu kukohoa.

"Endeleeni!" Osmunda alifoka. "Mnanitazama mimi, kwani mimi ndiye noti?"

Waliendelea, maana kwaya nzima ya parokia ilimjua kwa ulimi wake. Yeye akamalizia zoezi kwa vidole saba, akiziruka sauti za katikati, huku jasho likimtoka kanisani kwenye baridi ya Juni ya Iringa. Asubuhi hiyo alikuwa ameshindwa kufunga vifungo vya blauzi, akasingizia baridi. Sasa aliiweka mikono yote miwili mapajani akaitazama. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba, vinang'aa, na vina joto. Miaka mitano alikuwa ameamini kwamba maumivu yale yamezikwa.

Ugonjwa wenyewe ni baridi yabisi, na jina hilo limewadanganya wengi wakadhani ni shauri la kukosa sweta. Ni askari wa mwili wenyewe, zile seli ziitwazo T, zilizoamka siku moja zikautazama utando laini unaozunguka kiungo zikauita adui. Seli T peke yake haivunji mfupa. Kazi yake ni kupiga mbiu: inamwaga kemikali zake, wengine wanakuja mbio, utando unavimba, unatambaa juu ya gegedu na kuitafuna, kisha unahamia kwenye mfupa. Na mbiu haikomi, kwa sababu hakuna adui wa kushindwa vita vikaisha. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, nao hawakuwa na hadubini.

Daktari Fokas Kihwele ndiye aliyemweleza hayo miaka mitano nyuma, kwa namna yake. Yeye Mhehe, Osmunda Mngoni. Makabila hayo mawili yalipigana enzi za mababu mpaka yakachoka, yakaona afadhali yatukanane, na tangu hapo ni watani. Mhehe anaweza kuingia kwenye msiba wa Mngoni akaipua sufuria ya nyama jikoni akaondoka nayo, na atakayekasirika ndiye asiye na adabu.

"Seli T zako hazijui utani, Mngoni," daktari alimwambia siku ile. "Kiungo kinapita zake, kinazigusa bega kidogo tu, zenyewe zinachomoa mkuki. Nitazitoa chache, nizifundishe, nizirudishe. Zitakuwa zinawaambia wenzao: huyu mwacheni, huyu ni mtani wetu."

Ndivyo alivyoziita mpaka leo, seli watani. Alizifuga ndani ya kifuko kisichozidi punje ya harage, akakipandikiza chini ya mfupa wa bega la Osmunda, na kutoka huko zikawa zinasambaa mwilini kupatanisha. Katika miezi michache Osmunda alirudi kwenye kinanda. Siku ya kwanza aliyoweza kupiga wimbo mzima alilia mpaka padri akasimamisha misa kumngoja.

Na sasa kidole cha pete kilikuwa kimekataa.

*

Jumatatu alipanda kibanda cha kamba kinachowapeleka wagonjwa mlimani, akashuka kwenye Kituo cha Upatanisho. Hakuwa amefika tangu kilipopanuliwa. Siku hizi walimpima kwenye tawi la mjini, wakimtoa damu chupa mbili tatu na kumwambia yuko salama. Chumba cha kungojea kilikuwa kimegeuka ukumbi. Kwenye ukuta mkubwa yalikuwa yamechongwa maneno mawili kwa herufi ndefu kama mtu mzima: CHUKUA ZOTE.

Kando ya Osmunda, kwenye benchi, alikuwa ameketi mama mmoja wa makamo, mwenye kitenge cha njano, anafuma uzi kwa sindano za mkono. Vidole vyake vilikuwa vimepinda, vilishawahi kuliwa na ugonjwa ule ule, lakini vilikwenda haraka.

"Umetokea mbali, dada?" Osmunda aliuliza, kwa sababu macho yake yalikuwa yamenasa kwenye vidole vile.

"Tukuyu. Naitwa Atupele. Mimi ni mkunga." Aliinua mikono juu kwa furaha, akaigeuza huku na huku. "Unaiona hii? Miaka mitatu haikuweza kushika hata kijiko. Mtoto mmoja aliniponyoka, dada. Alidondokea kitandani, Mungu akasaidia hakuumia, lakini siku ile nilivua aproni nikasema basi. Leo nazalisha tena. Nimekuja kujaziwa kifuko, kila mwaka tunajaziwa kabla ya mvua."

"Wangapi?"

"Sisi wa kundi la Kinanda? Tumepita mia tatu."

Osmunda akamgeukia. "Kwa nini mnaitwa Kinanda?"

"Ndiyo jina la mbegu. Seli zetu hazikufunzwa kutoka kwetu wenyewe, sisi zetu zilikuwa kaidi, hazifundishiki. Zimetoka kwa mama mmoja, mpiga kinanda. Wanasema zake zilikuwa na karama, zinapatanisha hata kwenye mwili wa mtu baki." Atupele alionyesha ukutani kwa sindano. "Yale ndiyo maneno yake. Alipoombwa azitoe alijibu, chukua zote, hata mifupa. Fikiria moyo huo! Mimi simjui, lakini kila mtoto ninayempokea namtajia yeye. Ndaga, mama, namwambia huko huko aliko. Asante."

Osmunda aliyatazama maneno ukutani. Aliyafahamu. Yalikuwa yake, ila walikuwa wameyakata mkia.

*

Hakubisha hodi. Daktari Kihwele alikuwa amesimama dirishani akifungua chupa ya chai, akazungusha kile kifuniko kigumu kwa vidole viwili, wala hakujikaza.

"Kamwene, Mngoni!" alisema kwa furaha. "Umepotea! Nilidhani umeifuata ngao ya babu yako aliyoiacha huku alipokuwa akitukimbia."

Kwa miaka mitano angejibu kwamba afunge kwanza mbwa wa jirani, maana Mhehe akimwona mbwa anatafuta chumvi. Safari hii hakujibu. Alipiga meza kwa mikono yake iliyovimba na ikamuuma mpaka kwenye meno.

"Lini nilikupa seli zangu ukagawe?"

Uso wa daktari ulibadilika kidogo tu. Akamimina chai, akamsogezea kikombe. "Kaa, dada. Chai."

"Nimekuuliza lini."

Juu ya meza kulikuwa na chombo cha rangi ya shaba, kidogo kama kopo la maziwa. Kila tabibu alikuwa nacho. Tangu saini zilipofutwa kwa kughushiwa mno, ridhaa ilitolewa kwa mdomo mbele ya Shahidi, naye Shahidi hahongeki wala hasahau. Daktari akakigusa.

"Shahidi, tuletee ridhaa ya Osmunda Ngonyani, mbegu ya Kinanda."

Sauti ya Osmunda mwenyewe ikajaa chumbani, changa kwa miaka mitano, yenye raha ya mtu aliyepona juzi. Kwanza alisikika daktari: Mngoni, leo nazichukua hizi seli zako nikawagawie watu wa maana. Kisha yeye, akicheka mpaka pumzi inakatika: Chukua, mwizi mkubwa we! Chukua zote, hata mifupa, ukawapikie mbwa wako mchuzi!

Halafu sauti kavu ya Shahidi: "Maneno ya kukubali yamesikika. Kicheko kimesikika, ishara ya hiari. Ridhaa imepokelewa."

Osmunda alisukuma kikombe kando. Hasira zilimpanda kutoka nyayoni zikaja mpaka machoni, akaona ukungu.

"Huo ulikuwa utani," alisema.

"Najua."

"Unajua!"

"Siku ile sikuwa na nia yoyote. Naapa. Nilikuwa natania, ukanijibu, tukacheka. Baadaye nikaona seli zako zinavyofanya kazi kwenye damu ya watu wengine. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nikaenda kwa Shahidi kutazama kama kuna ridhaa, nikaikuta ipo. Ningekuuliza vizuri ungekubali tu, Mngoni. Nakujua."

"Kama ulijua ningekubali, ulishindwa nini kuniuliza? Mtani akichukua sufuria anaichukua mbele ya watu, wote wanamwona, na kesho anairudisha! Wewe umekuja kisirisiri miaka mitano. Zile chupa za damu kule mjini, ulikuwa unavuna?"

Daktari hakukataa. Akaketi, akaeleza kwa sauti ya chini. Seli watani haziwezi kufanya kazi zikiwa chache, maana zinatulizana zenyewe kwa zenyewe. Zikipungua chini ya kiasi zinasahau somo, na nyingine hugeuka zikarudi kupiga mbiu pamoja na zile zisizofundishwa. Walikuwa wamevuna kupita kiasi. Kifuko cha Osmunda kilikuwa kimechoka, ndiyo maana vidole vinavimba. Ilibaki mbegu moja, ile ya mwanzo kabisa, iliyogandishwa kwenye hifadhi ya ghorofa ya chini. Ingepandikizwa kwake, angepona kabisa. Lakini ndiyo hiyo hiyo inayotumika kujazia vifuko vya wale mia tatu na ushee.

"Igaweni," Osmunda alisema.

"Wao wanajaziwa tone tone, kifuko chako kilichokwisha kinaitaka nzima. Ikigawanywa inakuwa chini ya kiasi. Inasahau."

"Kwa hiyo mimi au wao."

"Sheria iko upande wako. Mwenye mbegu ndiye mwenye neno. Ukisema leo mbele ya Shahidi kwamba unaitaka, naileta juu nakupandikiza kabla ya saa sita." Alisita. "Nao wakifika mvua za mwaka huu, watakuwa wamerudi walikotoka."

"Mkunga wa Tukuyu naye."

"Umeonana naye?"

Osmunda aliiacha meza. Alikwenda dirishani akampa mgongo. Chini kabisa bondeni alikiona kinara cha kanisa lake, na ndani ya kanisa lile kulikuwa na kinanda ambacho Jumapili ijayo kingepigwa na vidole saba, baada ya mwezi vitano, kisha na mtu mwingine. Kinanda kile kilikuwa ndicho mume wake, ndicho watoto wake. Hakuwa na kingine alichokifanya vizuri maishani. Alitaka mbegu yake. Aliitaka kwa uchu, kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji, na hakuona haya kuitaka, kwa sababu ilikuwa yake.

Kisha akamwona akilini yule mama mwenye kitenge cha njano, mtoto anamponyoka.

Hapo ndipo alipomchukia daktari kweli kweli. Angemwomba miaka mitano iliyopita, angempa, pengine angempa kwa masharti ya kuachiwa akiba. Angekuwa mtu mwema kwa hiari yake. Sasa mwizi alikuwa amekwisha kugawa mali, amewalisha watu wasio na kosa, halafu anamwita mwenyewe aje achague: awe katili au awe kilema. Wema wa namna hiyo ni wa kushikiwa kisu.

"Shahidi," alisema, bila kugeuka. "Andika. Mimi Osmunda Ngonyani sikuridhia. Nilitania, na daktari alijua kwamba natania. Niliibiwa. Hilo lipelekwe Baraza la Matabibu leo hii."

"Limepokelewa," Shahidi alijibu.

Daktari Kihwele alifumba macho, kisha akatikisa kichwa taratibu akikubali. Alikuwa amelitegemea.

"Andika tena. Kuanzia leo, mbegu yangu ibaki kwa wale walio nayo. Wajaziwe kila mwaka. Hii ndiyo ridhaa yangu, na sicheki."

"Limepokelewa. Kicheko hakikusikika."

Chai ilikuwa imepoa. Daktari alitoa pumzi ndefu, akapitisha kiganja usoni, na Osmunda alipogeuka alimkuta analengwalengwa na machozi.

"Nilijua," alisema daktari. "Wallahi nilijua, Mngoni. Mnakimbia vita nyie, lakini moyo mnao." Akachukua kile kikombe cha chai iliyopoa, akaimwaga, akafungua tena chupa na kummiminia nyingine. Kifuniko kilizunguka kwa vidole viwili.

Osmunda alivitazama vidole vile. Alimkumbuka daktari wa miaka mitano nyuma, aliyekuwa akimwita muuguzi amfungulie chupa hiyo hiyo, na kusema kwamba mkono umelala vibaya. Aliyekuwa akivaa viatu vya kuchomeka tu. Wakati ule hakulitilia maanani.

"Na wewe umo," alisema.

Daktari akaacha kumimina.

"Fokas. Na wewe umo kwenye kundi la Kinanda?"

"Wa kwanza," alijibu kwa sauti iliyofifia. "Ilinibidi nijaribu kwangu kwanza, nisije nikawaumiza watu. Mimi ni mpasuaji, dada. Bila mikono mimi si kitu."

Bila mikono mimi si kitu. Alilisema bila aibu mbele ya mikono ya mwenzake iliyovimba kama viazi! Osmunda alitaka kumrushia kikombe, na kama vidole vingekishika angekirusha.

"Shahidi, niondolee huyu," alisema. "Wote wabaki, yeye asijaziwe."

"Haiwezekani," daktari alijibu upesi, na upesi wenyewe ulimsaliti. "Hiyo nayo ni sheria. Mbegu yote unaweza kuichukua, lakini mgonjwa mmoja aliyekwisha kupewa haondolewi peke yake kwenye tiba mpaka aridhie mwenyewe, mbele ya Shahidi. Tuliitunga hivyo kuwalinda na visasi."

"Mpaka aridhie mwenyewe."

"Ndiyo."

Osmunda akakaa. Akavuta kikombe kwa viganja viwili, akanywa chai funda moja, akaona ni nzuri. Ndipo akamtazama mtani wake na kuachia tabasamu lake la zamani, lile la miaka mitano ya kwenda na kurudi.

"Basi sawa, Mhehe," alisema. "Nimeshindwa. Ila nakwambia, mwaka huu usijaziwe wewe, tumjazie mbwa wako. Yeye angalau akiiba anakimbia, hakai akanimiminia chai. Au unasemaje, tumpe mbwa?"

Daktari alikuwa amekaza mwili kwa muda mrefu, akingoja pigo. Kusikia utani umerudi kulimfungua kama kamba iliyokatwa. Alicheka. Alicheka kwa sauti, kwa kifua chote, kwa shukrani, akajifuta machozi kwa upande wa mkono.

"Mpe, mpe!" alisema. "Mpe mbwa, Mngoni we!"

"Maneno ya kukubali yamesikika," Shahidi alisema. "Kicheko kimesikika, ishara ya hiari. Ridhaa ya Fokas Kihwele kuondolewa kwenye tiba imepokelewa."

Kicheko kilikatikia njiani. Daktari alikitazama kile chombo, akamtazama Osmunda, akakitazama tena.

"Shahidi, futa. Futa! Tulikuwa tunatania."

"Shahidi hafuti," Shahidi alijibu.

"Osmunda." Kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimwita kwa jina lake tupu. "Dada yangu. Mwambie. Mwambie kwamba nilikuwa nacheka tu. Wewe unajua, ulikuwa hapa, umenisikia! Unachonifanyia si utani."

Osmunda alisimama. Alihangaika na kifungo cha juu cha koti, kikamshinda, akaliacha wazi. Hakuwa na furaha aliyodhani angeipata. Hasira ilikuwa bado ipo, ila sasa ilikuwa na mtu wa kukaa naye. Alijua kwamba neno lake moja mbele ya chombo kile lingetosha kumwokoa, kama ambavyo neno moja la daktari lingetosha miaka mitano iliyopita. Alilihisi ulimini. Akalimeza.

"Mkuki kwa nguruwe, Mhehe," alisema, akatoka.

Ukumbini Atupele alikuwa bado anafuma. Alipomwona akasogeza kitenge, akampigapigia nafasi kwenye benchi ili aketi.

"Mikono yako imevimba, dada," alisema. "Usiogope. Watakusaidia hapa. Wana mbegu ya yule mama."